Kusoma Hadithi ya Hazina katika Nchi ya Hazina

Kitabu cha Rider Haggard, Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilitolewa Uingereza mwaka 1885. Tafsiri yake ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka 1929. Mtungaji aliwahi kutumika Natal, siku ambazo almasi za Kimberley ziliwavuta watu wengi. Basi si ajabu Quatermain kutoka pangoni na almasi mifukoni, wala asiulizwe ni mali ya nani. Lakini mwanafunzi wa Shinyanga aijua Mwadui, palipovumbuliwa almasi mwaka 1940, na mwenziwe wa Geita aijua dhahabu na jasho la mchimbaji. Kwa hiyo twaona yampasa mwalimu asiulize tu, “Nani aliipata hazina?” bali pia, “Nani aliichimba, na wenye nchi walibakiwa na nini?” Aulizaye hivyo hukifahamu kitabu pamoja na zama zake.