Barza ya kufungwa: tuivunje, tuikale inje

Mu makampi ya zamani ya Union Minière, yenye kuwa ya Gécamines kisha 1967, nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na barza mbele. Mangaribi muzee anaikala pale, anasalimia wapita njia, na habari za kazi na za mushahara zinatembea toka lupango mpaka lupango. Kiisha wezi wakawa wengi, na watoto pia wakawa wengi. Watu wakajenga ukuta, wakatia vioo.

Leo tukitembelea wandugu wenye kupata pansio, tunakuta nini mu ile barza? Mifuko ya bure, kinga yenye kuvunjika, betri ya kufa. Mwezi wa 10 ni moto sawa furu, hakuna mutu anaikala pale. Wageni tunawapeleka chini ya muembe. Mwezi wa 7 baridi inapiga, njo pale mutu anaingiza mbabula na kufunga mulango. Wandugu, kile kinachoua si moshi tunaoona. Gazi ya makala haina rangi wala harufu, na mu chumba cha kufungwa inaweza kulalisha jamaa nzima wasiamuke tena. Ile sababu peke yake inatosha.

Lakini kuvunja nako kuko na namna yake. Mbele ya kushika nyundo, tuangalie juu. Kama si manjanja ya chuma lakini vibao vya kijivu, vizito, vyenye kupasuka sawa sahani, inaweza kuwa eternit ya zamani yenye amiante. Vumbi yake ikiingia mu mapafu, ugonjwa unaweza kungojea miaka 20, hata 40. Sisi watu wa mine tunapigania maski ku kazi. Tusiisahau ku nyumba. Tusikate na musumeno, tusipige fagio kavu. Tumwange maji, tushushe kibao kizima, tukifunge mu plastiki ya nguvu. Maski iwe ya kweli, si kitambaa. Watoto ile siku waende kwa jirani, na mutu asichukue vile vipande kwa kujengea nyumba ya kuku, sawa tunavyoona kila mara.

Tuangalie tena nguzo. Nguzo yenye kubeba paa ya nyumba haiguswe, hata kama masoni anasema ni kazi ya saa moja.

Ya kubakia ni rahisi. Tunachimba, tunatia majiwe ya kuvunjika sentimeta 10, tunayapiga mpaka yanashikana, kiisha beto ya sentimeta 8. Kwa terasi ya metre 3 kwa 4 inaomba karibu mifuko 7 ya sima ya kilo 50. Iteremuke sentimeta 2 kila metre, kuacha nyumba, bila hivyo mvua ya mwezi wa 12 itarudia mu salo. Kati ya beto na ukuta tuache nafasi kidogo, maana ardhi yetu inakauka na kuvimba. Siku 7 tunaimwangia maji asubui na mangaribi. Kazi ianze mwezi wa 5, mvua ikiisha kukatika.

Na muembe usikatwe. Beto izunguke mbali na shina, mizizi ipate maji, kivuli kibakie pale viti vitawekwa.