Kufumbata Hali ya Pamoja

Mafundi wa programu za tovuti siku hizi huunda ukurasa kwa vijenzi: kitufe, orodha, fomu. Njia hiyo ilienea sana baada ya React kutolewa hadharani mwaka 2013. Habari inayohitajiwa na vijenzi vingi kwa wakati mmoja twaiita hali ya pamoja.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba wilayani Igunga. Mpima mizani, mtunza fedha na mkulima huhitaji hesabu ileile. Kila mmoja akijiandikia daftarini, msimu utakwisha kwa ugomvi. Heri daftari lishikwe na karani mmoja: wengine wamwulize au wampe taarifa, naye ndiye aandike. Ndivyo ifanyavyo programu iliyoundwa vema: hali husomwa na vijenzi vyote, lakini hubadilishwa kwa njia zilizoruhusiwa tu. Redux, iliyotolewa mwaka 2015, imejengwa juu ya kanuni hiyo.

Mfasiri huenda akavutwa na neno kuficha. Halifai, kwani karani hafichi hesabu. Huikinga isiguswe ovyo. Twapendekeza kufumbata: afumbataye kitu hukilinda kiganjani, akakifunua inapopasa. Nomino yake iwe ufumbataji.