Kipuri kinachokera na kipuri kinachoua

Mimi ni mtoto wa Kisauni, lakini riziki ilinipeleka bara, na huu ni mwaka wa sita nakaa Litein, baina ya Kericho na Bomet. Ndugu zangu wa Pwani mnaijua chai ya huku kwa mnada wa Mombasa, uliohamia kwetu kutoka Nairobi mwaka 1969. Sisi tulio huku twaijua kwa barabara zake. Jani likishachumwa lazima lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata joto likaharibika. Kwa hiyo mvua inyeshe isinyeshe, magari hupanda na kushuka vilima hivi kila siku, na pikapu yangu imo, ikibeba mbolea, viazi na kabichi.

Leo sitaki kuandika habari za chai. Nataka kuandika habari za miguu ya mbele ya gari, kwa sababu juzi nusura niteremke nalo Mombasa likiwa bovu, na mama mkwe amekaa kiti cha mbele.

Gari lilianza kugonga. Kila shimo, ko-ko-ko, upande wa kushoto. Nikaenda gereji moja, nikaambiwa ni shokabzoba. Nikanunua mbili mpya, zikafungwa, nikalipa. Gari likatulia kidogo kwenye matuta, lakini mgongo ule ule ukaendelea. Nikajisemea, kelele haiui mtu, nitaangalia nikirudi kutoka Pwani.

Bahati yangu, siku moja kabla ya safari nilipita Kapkatet kwa fundi mwingine wa jua kali, kijana wa Kikipsigis. Tukaamkiana, "Chamgei," kisha akainama. Hakuuliza kelele inatoka wapi. Alipiga jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, akaliinua kidogo tu kutoka ardhini, akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua. Gurudumu likaruka kama jino la mtoto lililolegea.

"Mzee," akaniambia, "na hii ulitaka kufika nayo Mombasa?"

Safari ile ni zaidi ya kilomita 700, na mwanzo wake hupita makutano ya Londiani, pale ambapo jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia na watu zaidi ya 50 wakafa, wakiwemo wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Sisemi ajali ile ilitokana na kipuri cha mbele. Nasema kwamba gari likimshinda dereva kwenye miteremko ile, hadhuriki yeye peke yake.

Sasa nieleze nilichojifunza. Gurudumu la mbele la pikapu kama yangu hushikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Kule mikono inakoshikana na chasi kuna bushi, yaani mpira ulio baina ya chuma na chuma. Kule inakoshikana na gurudumu kuna boljointi, ambayo umbo lake ni kama nyonga ya mtu: tufe ndani ya bakuli, limepakwa grisi na kufunikwa kofia ya mpira. Tairodi nazo ndizo zinazopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Uzito wa gari, kwa aina ya pikapu yangu, hubebwa na fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, iliyofungwa kwenye mkono wa chini. Shokabzoba haibebi gari. Kazi yake ni kulizuia lisirukeruke.

Nchi ya chai hula vyote hivi haraka. Ukiacha lami, njia za kwenda vituo vya kukusanyia majani ni udongo mwekundu, na mvua hapa ni ya karibu mwaka mzima. Kofia ya mpira ikichanika tu, maji na matope huingia, grisi huisha nguvu, na tufe huanza kulisaga bakuli lake. Halafu kila ukishika breki kwenye mteremko, uzito wote huja mbele.

Fundi yule alinifundisha kuvigawa vipuri mafungu mawili: vinavyokera na vinavyoua. Bushi, shokabzoba na viungo vya fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, hivyo hukera. Hupiga kelele, hula tairi, huchosha mikono, na vikiachwa sana navyo huwa hatari, lakini hukuonya kwa muda mrefu. Boljointi ya chini, tairodi na beringi ya gurudumu, hivyo huua. Tufe likitoka kwenye bakuli, gurudumu hulala chini ya gari papo hapo. Tairodi ikichomoka, usukani unabaki mikononi mwako na gurudumu linakwenda linakotaka. Mfuko ukiwa mwepesi, anza na vinavyoua. Mimi nilianza na vinavyokera, kwa kuwa ndivyo nilivyouziwa.

Kupima si siri. Gari likiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Kisha shika tairi ubavuni, mbele na nyuma, utikise tena. Hapo tairodi ndizo zinazojibu, ingawa beringi mbovu nayo yaweza kucheza, kwa hiyo mtu mwingine azitazame tairodi wakati wewe unatikisa.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza iliishia kwenye boliti nne. Gari hili lilikulia Kisauni, na chumvi ya bahari ilikuwa imezigandisha boliti ndani ya bushi mpaka ikabidi zikatwe. Wenye magari ya Pwani, nunueni boliti mpya pamoja na bushi, na mzipake grisi kabla ya kuzitia.

Mambo manne nawaomba mmsimamie fundi. La kwanza, fimbo ya kujisokota ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu. Ilegezwe kabla ya kufungua chochote, na iwekwe alama ili irudi upande wake na mahali pake. La pili, badilisheni kushoto na kulia pamoja, kwa kuwa zimetembea njia moja. La tatu, boliti za bushi zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari liko juu, mpira hubaki umesokotwa na huchanika mapema. La nne, nati ya boljointi hufungiwa kwa pini. Pini iwe mpya, na tundu lisipolingana nati ikazwe mbele kidogo, isirudishwe nyuma.

Baada ya hapo ni alaimenti. Ukigusa mikono au tairodi, magurudumu hayatazami tena mahali pamoja, na tairi mpya yaweza kuliwa upande mmoja kwa muda mfupi. Wengi wetu huiacha kwa sababu pesa zimeisha. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kama unavyoweka bei ya bushi. Na baada ya wiki moja rudi nati zote zikaguliwe.

Boljointi mbili za chini hazikufika hata bei ya tairi moja. Shokabzoba nilizonunua mwanzo zilinigharimu zaidi, na zingekwenda mtaroni pamoja nasi zikiwa bado zinang'aa. Wahenga wetu walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa kofia ya mpira iliyochanika, ndogo kuliko kikombe cha kahawa.

Tuliteremka wiki iliyofuata. Mama mkwe alilala kutoka Voi hadi Mariakani, na alipoamka akauliza kwa nini gari limenyamaza. Nikamwambia ni barabara nzuri. Ile boljointi ya zamani bado iko chini ya kiti changu, na kila abiria anayenihimiza tuondoke kabla sijaangalia tairi, humpa aishike kwanza.