Pointi Moja na Nusu: Je, Wasichana Hupewa Bure?

Kila tunapofanya mjadala chamani kuhusu elimu ya msichana, hapakosi kijana wa kusimama na kusema, "Hao huingia chuo kikuu bure!" Watu hucheka, msemaji huketi. Lakini hakuna amwulizaye: hupewa nini hasa, na kwa hesabu gani? Hebu tukiangalie chuo kimoja kilichofanya jambo hili waziwazi. Nacho ni Makerere, kule Kampala, ng'ambo ya ziwa letu.

Makerere ilianzishwa mwaka wa 1922 ikiwa ya wanaume watupu. Hata wito wake uliwahimiza wawe wanaume! Wanawake sita wa kwanza walipoingia mwaka wa 1945, ilibidi wito huo ubadilishwe. Lakini kuingia ni jambo moja, kuongezeka ni jingine. Miaka ya 1980 ikielekea kuisha, wanawake walikuwa kama robo tu ya wanafunzi. Ndipo mwaka wa 1990 chuo kikaamua kwamba kila msichana anayeomba kusomea shahada aongezewe pointi 1.5.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotelea. Katika mtihani wa kidato cha sita cha Uganda, A ni 6, B ni 5, C ni 4, na kuendelea kushuka. Somo lililo muhimu kabisa kwa kozi unayoitaka huzidishwa kwa 3, lile linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2. Kwa hivyo kutoka B hadi A katika somo moja muhimu ni tofauti ya pointi 3. Pointi 1.5 ni nusu ya hapo. Mvulana mwenye A bado alimshinda msichana mwenye B, mengine yote yakiwa sawa. Na aliyefeli hakuokolewa na nyongeza hiyo. Bure iko wapi, jameni?

Mtauliza, mbona basi ilisaidia? Ni kwa sababu watahiniwa wengi husongamana karibu na mstari wa kukatia, wakitofautiana kwa pointi moja au chini yake. Hapo nusu pointi ni mlango. Miaka kumi na mitano hivi baadaye, wanawake walikuwa wamepita asilimia 40. Ingawa, tuseme kweli, si pointi peke yake: kuanzia mwaka wa 1992 chuo kilipokea pia wanafunzi wa kujilipia, na wazazi wengi wakawalipia mabinti zao.

Kuuendesha mpango huu kulikuwa rahisi mno. Msajili hakuhitaji barua ya chifu wala ushahidi wa umaskini, alijumlisha tu. Lakini urahisi huo ndio uliokuwa na kasoro. Nyongeza haikuuliza msichana ametoka wapi. Binti wa shule kubwa ya karibu na Kampala, yenye maabara na maktaba, alipata 1.5 sawasawa na yule wa kijijini aliyesoma kwa koroboi. Nani alifaidika zaidi, mnajua. Kozi za uhandisi nazo ziliendelea kujaa wavulana. Ndiyo maana kukaletwa mipango mingine: mwaka wa 2001 ufadhili wa masomo kwa wasichana wasiojiweza, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na mwaka wa 2005 serikali ikatenga sehemu ya nafasi inazolipia kwa mgao wa wilaya.

Huku kwetu Kenya mtindo ulikuwa tofauti. Bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, JAB, haikuongeza pointi. Ilishusha kidogo mstari wa kukatia kwa wasichana. Wakati huo nafasi zilihesabiwa kwa vitanda vya bweni, hata wengi waliopata C+ wakabaki nje. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaikabidhi KUCCPS kazi hiyo. Kisha waliofanya KCSE mwaka wa 2016 na kupata C+ au zaidi walikuwa chini ya 90,000, nafasi zikawatosha wote. Kwao swali halikuwa tena nani aingie chuoni. Lilikuwa nani asomee udaktari na nani aachiwe kozi ambayo hakuiomba.