Mtoto akisema "kichwa kinaniuma"

Mwezi huu tuzungumze kuhusu kichwa cha mtoto.

Kwa kweli maumivu mengi ya kichwa si ya kutisha. Yanakuja na mafua, malaria, njaa, au kukosa maji na usingizi. Mpe maji, apumzike, na parasetamoli kufuatana na kilo zake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini tusimpe. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Na kama nyumba nzima inaumwa kichwa baada ya kulala na mbabula ya makaa ndani, tokeni nje haraka, kisha muende mkaonwe na mganga: ule moshi usioonekana unaua.

Lakini kuna kichwa kisichongoja kesho. Tukimbie hospitali kama:

1. Ana homa na shingo imekakamaa, au mwanga unamuumiza.
2. Ana degedege, au amelegea na haamki vizuri.
3. Anatapika mara kwa mara.
4. Alianguka au kugongwa kichwa, sasa anasinzia au anatoka maji puani au masikioni.
5. Ni mchanga: analia bila kunyamaza, anakataa ziwa, utosi umevimba.

Ukifika kwenye dharura, iwe kituo kidogo au Hospitali ya Chuo Kikuu kule Kamenge, Bujumbura, ambayo wengi tunaiita Roi Khaled, usishangae mwingine akiingia mbele yako. Dharura haifuati foleni. Anaanza asiyepumua vizuri, mwenye degedege, aliyezimia. Wako akibadilika mnapongoja, mwite muuguzi, usione haya.

Waganga watapima homa, malaria na sukari ya damu. Wakihofia homa ya uti wa mgongo, wataomba kutoa maji kidogo mgongoni kwa sindano. Hapo familia nyingi zinakataa, zikisema mtoto atapooza. Jamani, sindano hiyo inaingia chini, kwenye kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha. Haipoozeshi. Inayopoozesha, inayoziba masikio na kuua, hata ndani ya siku moja, ni homa yenyewe ikikosa dawa.

Msifiche dawa mlizompa nyumbani, hata za kienyeji. Chukueni pakiti iliyobaki na karatasi yake ya kliniki. Na pesa isiwacheleweshe: tangu Mei 2006 serikali ya Burundi iliamuru watoto chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya serikali.

Mama asiyejua kusoma asomewe ukurasa huu na jirani. Bibi anayebaki na watoto pia, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuambiwa: "kichwa kinaniuma".