Kabla Ramani Haijachorwa: Wakazi wa Kakamega na Vijito Vyao

Ploti ambayo watu wengi hununua mjini Kakamega ili wajenge ni ya futi 50 kwa 100. Futi 100 ni kama mita 30. Sasa soma Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006: haruhusiwi mtu kulima wala kujenga kando ya mto au kijito ndani ya mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi, zikipimwa kila upande kutoka alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Kwa kipimo cha chini, mwenye ploti iliyopakana na kijito atapoteza migomba na mabingobingo ya ng'ombe. Kwa kipimo cha juu atapoteza ploti yote, pamoja na nyumba, choo na kibanda cha kuku, na mkopo wa sacco alionunulia ploti hiyo ataendelea kuulipa.

Ndiyo maana ukiwaambia wakazi wa mabondeni kwamba kingo za vijito vya mji zipangwe ziwe mahali pa wote, penye njia za miguu, miti na uwanja wa watoto, swali la kwanza halihusu miti wala viti. Watakuuliza: mita ngapi? Kisha: mnaanza kupimia wapi? Wanastahili kujibiwa hayo mawili kabla ya kuombwa maoni juu ya mengine yote.

Hofu yao ina sababu. Mwezi Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoangamiza watu na mali Nairobi, serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 za mito waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kila familia iliyobomolewa nyumba iliahidiwa shilingi 10,000. Habari hizo zilitazamwa kwenye televisheni huku Amalemba na Shirere, mitaa ya Kakamega, kama kwingineko nchini, na tangu hapo ofisa yeyote anayekuja na kamba ya kupimia ukingo anapokelewa kwa macho ya mashaka, hata kama nia yake ni kupanda miti.

Kakamega ni mji wa miinuko na mabonde. Barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Webuye inapita katikati, na pande zake mitaa inateremka kuelekea kwenye maji. Vijito vinavyokusanya maji hayo vinaelekea Isiukhu, mto unaotoka upande wa milima ya Nandi, ukapita ndani ya Msitu wa Kakamega, kisha ukaingia Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Mvua hapa inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri kwa kishindo. Kadiri mabati na lami vinavyoongezeka juu, ndivyo maji yanavyofika bondeni kwa kasi zaidi, yamebeba chupa za plastiki, nepi na oili ya gereji. Anayeishi chini analipia ujenzi wa anayeishi juu. Jambo hili halisemwi vya kutosha tunapozungumzia nani ameharibu kijito.

Nenda kwenye kivuko cha kijito Jumamosi asubuhi, jua likishachomoza vizuri. Juu kabisa, pale chemchemi inapotokea, utakuta ukuta mdogo wa saruji wenye bomba, na mitungi ya lita 20 imepangwa foleni. Hapo hufui, hata kipande cha sabuni huweki. Hatua kadhaa chini yake ni mahali pa nguo: mawe bapa yaliyolainika kwa miaka ya kusuguliwa, beseni, brashi, blanketi zimetandazwa juu ya ua. Chini zaidi hunyweshwa ng'ombe. Na mwisho kabisa, maji yakiwa hayatumiwi tena na mtu wa karibu, vijana wa bodaboda wanaingiza pikipiki na kuziosha. Mtoto akikosea akatia miguu kwenye chemchemi, mama yeyote aliye karibu atamkaripia, awe wake au wa jirani.

Huo ni mpango wa matumizi ya ardhi. Haujapitishwa na bunge la kaunti, hauna mhuri, lakini una maeneo yaliyotengwa, una masharti na una watu wa kuyasimamia. Mpangaji wa mji anayekuja na karatasi nyeupe akidhani ukingo uko wazi atachora benchi juu ya mahali pa kufulia.

Na si jambo geni Kakamega kwa serikali kujenga juu ya desturi iliyokuwepo. Mtaa wa Kefinco ulipata jina lake kutokana na mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza mwaka 1981 katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo. Mradi ule ulichimba visima na kukinga chemchemi nyingi za vijijini kwa saruji na bomba, pale pale ambapo watu walikuwa wakiteka maji tangu zamani. Nadhani hilo ni somo kubwa kuliko saruji yenyewe.

Wakazi, hata hivyo, hawana neno moja, na ni kosa kuandika kana kwamba wanalo. Mpangaji wa chumba kimoja Maraba, mwenye watoto watatu na baraza la hatua mbili, anatamani sana uwanja kando ya kijito: watoto wake wanacheza barabarani kati ya matatu na pikipiki. Mwenye nyumba yake anaona uwanja huo huo kama njia ya serikali kumnyang'anya. Vijana wenye vitalu vya miche ukingoni wanataka kivuli na maji vibaki, na wateja waongezeke, ila wanajua kwamba hawana karatasi yoyote ya mahali wanapofanyia kazi. Siku mahali hapo patakapopendezeshwa, wao ndio wa kwanza kufukuzwa. Mafundi wa matofali wanachimba udongo bondeni na kuacha mashimo yanayojaa maji mvua ikinyesha. Kwa hao sina huruma nyingi: mashimo yale ni hatari kwa watoto, na kuyafukia kungepaswa kuwa kazi ya kwanza ya mradi wowote. Lakini hata fundi wa matofali aambiwe ahamie wapi.

Wapo pia wanaokwenda mtoni kwa jambo ambalo halitaonekana kwenye ramani. Kwa Wabukusu, kijana anayeingia jandoni hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope, kisha akarudishwa nyumbani kwa nyimbo kukabili kisu. Wengi wao wako Bungoma na kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, lakini mji umechanganya watu, na Agosti ya mwaka wa tohara ikifika, kila familia hutafuta maji yaliyo karibu. Ukingo uliozungushiwa ua na kufungwa lango saa 12 jioni hautakuwa na nafasi yao.

Hapo ndipo mjadala unapogusa Muliro Gardens. Bustani hii ya katikati ya mji ina jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki Agosti 1992, na ni urithi ambao miji mingi ya Kenya haina: nyasi na miti mahali ambapo ploti ina bei ya kutisha. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 bustani ilichafuliwa jina na picha za wapenzi zilizosambazwa nchi nzima, na familia nyingi zikaacha kupeleka watoto. Wapo waliotoka kwenye aibu ile wakiamini kwamba mahali pa umma panahitaji ukuta, mlinzi na amri. Sikubaliani nao. Mahali huharibika pale panapokosa watu wenye shughuli halali mchana kutwa. Muuza njugu, mpiga picha, mama mwenye thamosi ya chai, wazee wanaocheza ajua na mafundi wa viatu ni walinzi wasiolipwa, na kingo za vijito tayari zina watu wa namna hiyo. Taa zinahitajika, hilo halina ubishi. Wanawake wanaopita bondeni saa moja usiku wakitoka kazini watakuambia taa ndiyo jambo la kwanza, kabla ya kiti chochote.

Kuna suala la mikaratusi, ambalo huzua ubishi kila mahali magharibi mwa Kenya. Mwaka 2009, John Michuki akiwa waziri wa mazingira, alitoa agizo ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na ardhi oevu kwa kuwa hunywa maji mengi. Bado imejaa mabondeni. Mti huo hukua haraka, huuzwa kama nguzo na mbao, na karo ya muhula huokolewa na miti michache. Anayetaka iondoke ukingoni inabidi aanze na hesabu hiyo ya karo. Kuikata yote kwa siku moja pia kutaacha udongo wazi usombwe na mvua ya kwanza. Busara ni kuikata kwa zamu na kuizuia isichipue tena, huku mianzi na miti ya kienyeji ikishika mizizi, na miche hiyo inunuliwe kwa vijana wa vitalu walio pale pale.

Sheria inasemaje juu ya ardhi yenyewe? Katiba, katika kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, lakini mipaka ya mashamba mengi ya zamani inaishia kwenye kijito chenyewe. Kumkataza mtu asijenge ukingoni ni kuwekea mipaka matumizi ya ardhi yake. Kupitisha umma mzima ndani ya ploti yake kila siku ni jambo zito zaidi, na kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki pale serikali inapochukua ardhi ya mtu. Kaunti yoyote inayotaka njia ya miguu kando ya maji itenge pesa za kununua vipande hivyo au ikubaliane na wenyewe waziwazi. Kutumia kanuni ya mita 30 ili kupata bustani ya bure ni dhuluma kwa watu wa kipato cha chini.

Kuhusu kuwasikiliza wakazi, mahakama zimeshaeleza. Mwaka 2014, Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, akataja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama kuwa miongoni mwa njia za kuwafikia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu nayo ikasisitiza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli. Lakini mwananchi wa kawaida bado analetewa tangazo gazetini, mkutano Jumatano saa tatu asubuhi, hati ya kurasa nyingi kwa Kiingereza, soda, na fomu ya mahudhurio ya kutia sahihi. Anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku hawezi kuja Jumatano saa tatu. Sahihi zitakusanywa na yeye hatakuwemo.

Kibera, jijini Nairobi, kuna njia nyingine. Shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006, limekuwa likijenga na wakazi maeneo ya pamoja kando ya Mto Ngong na vijito vyake. La kwanza lilikuwa Soweto Mashariki, karibu na Bwawa la Nairobi, mahali palipokuwa jaa la takataka. Kikundi cha wakazi kilichagua kinachohitajika, na orodha yao haikufanana na ya bustani za magazetini: ukumbi, mahali pa kucheza, bustani ya mboga, na shughuli za kuingiza pesa ili mahali pajitunze. Mukuru, baada ya kutangazwa eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walipanga kaya zipatazo 100,000 katika vikundi vidogo vya kaya kumi kumi, kila kikundi kikituma mjumbe ngazi ya juu. Ikiwa makazi yaliyobanana kama Mukuru yaliweza, mji wa watu laki moja na ushei, wenye mabaraza ya Nyumba Kumi, vyama vya akina mama na makanisa kila kona, hauna kisingizio.

Ningependa mkutano wa kwanza ufanyike kwa miguu. Jumapili alasiri, baada ya ibada, mpima ardhi, mwakilishi wadi, chifu na wakazi watembee ukingo mzima kutoka chemchemi hadi kivuko cha mwisho. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili na Kiluhya, na Mulembe FM itangaze wiki mbili kabla. Wazee waonyeshe maji yalipofika katika mvua kubwa wanazozikumbuka, maana kipimo cha kisheria huanzia hapo. Kigingi kipigwe hapo hapo, mwenye ploti akiona. Mtu mwenye kiti cha magurudumu awepo, ajaribu kushuka, na pale atakaposhindwa paandikwe.

Kisha kuna jambo ambalo miradi mingi huliacha mpaka siku ya kukata utepe, nalo ni choo. Watu wakikaa mahali kutwa wanahitaji choo, na choo kisichotunzwa kando ya kijito ni afadhali kisijengwe. Ufunguo utakaa kwa nani? Shilingi kumi za kuingilia zitaandikwa kwenye daftari la nani, na zitanunua nini? Akina mama wanaoteka maji na kufua pale wanafahamu nani mwaminifu na nani si mwaminifu katika bonde lao. Waulizwe hilo kabla mchoro haujaenda kwa mkandarasi, na kamati yao iandikishwe kwa jina katika bajeti ya manispaa.