Mkwaju Ndani ya Beseni: Kuanza Kuotesha Bonsai kwa Mbegu

Askari akaaye katika kota za kambi hana hakika mwakani atalala wapi. Leo yuko Arua, kesho amri ya uhamisho yampeleka Koboko, na keshokutwa huenda akawa Karamoja au ng'ambo ya mipaka. Kwa sababu hiyo askari wengi hawajishughulishi na kupanda miti. Mwembe uliopandwa kwa kokwa wataka miaka mingi kabla ya kuzaa, na wakati huo mpandaji amekwisha ondoka zamani, matunda yanaliwa na watoto wa mwingine. Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Miembe mingi inayotupa kivuli mjini Arua ilipandwa na watu tusiowajua hata kwa majina. Lakini mtu hupenda pia kuwa na kitu kimoja kinachokua pamoja naye, akakitazama mwaka hata mwaka.

Katika makala haya tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, habari za mti unaoweza kuhama pamoja na mwenyewe. Mti huo ni ule uitwao bonsai, nasi tutamfikiria mtu ambaye hajawahi kuugusa, anayetaka kuanza kwa mbegu nyuma ya nyumba yake.

Neno bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kifupi. Sanaa yenyewe ilianzia China, Wajapani wakaipokea na kuikuza hata ikajulikana duniani kwa jina lao. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hana budi kulielewa ni kwamba bonsai si kabila la miti. Hakuna mbegu ya bonsai. Wapo wafanyabiashara wanaouza pakiti ndogo zenye picha ya mti mfupi uliopindika kwa uzuri, na mnunuzi hudhani kwamba udogo ule umo ndani ya mbegu. La hasha. Mbegu hizo ni za miti ya kawaida, na kama zingepandwa shambani zingetoa miti mirefu kama mingine yote. Udogo hutokana na chombo na mkono wa mtunzaji, yaani kupogoa mizizi, kukata matawi na kungoja.

Tena mbegu nyingi za pakiti hizo ni za nchi za baridi. Arua na Koboko ziko nyuzi tatu hivi kaskazini ya Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima na hakuna theluji. Mbegu za miti kadhaa ya Japani haziamki mpaka zimepitiwa na miezi ya baridi. Mtu aweza kuzidanganya kwa kuziweka ndani ya friji, lakini mti ukishaota utaendelea kuidai baridi hiyo kila mwaka, na friji haiwezi kuubeba mti. Ya nini basi kuhangaika na mgeni asiyependa hewa yetu, hali wenyeji wamejaa sokoni?

Mwenyeji tunayempendekeza ni mkwaju, ambao Walugbara huuita iti. Mti huu wajulikana na kila mtu katika West Nile, na tunda lake hununuliwa sokoni kwa fedha kidogo ili litiwe katika uji au kinywaji. Mbegu ambazo mama nyumbani huzitupa baada ya kuukamua ukwaju ndizo hasa tunazozitaka, mradi ukwaju huo haukuchemshwa. Katika India, Ufilipino na Thailand watunzaji wa bonsai huutumia mkwaju kwa wingi, nao wana sababu. Jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vidogo, gome lake hupata mikunjo ya uzee mapema, na mti wenyewe hustahimili ukame na makosa mengi ya mtunzaji.

Jani dogo si jambo la kupuuza. Miti ya mitiki imepandwa kwa wingi katika mkoa huu, lakini jani lake moja laweza kuwa pana kama sinia. Mti wa mtiki wenye urefu wa goti, hata ukipinduliwa namna gani, utaonekana kama mche wa mtiki tu. Mwembe nao una kasoro hiyo hiyo, ingawa si kubwa kiasi hicho. Jicho hukubali kudanganywa na mti mdogo ikiwa tu majani yake nayo ni madogo.

Katika kuatika mbegu, watu wa West Nile hawahitaji mwalimu wa kutoka mbali. Familia nyingi za Arua, Maracha na Koboko zimelima tumbaku, na mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Mtu aliyeweza kuitunza mbegu ile katika kitalu, chini ya nyasi, akaimwagilia asubuhi na jioni, hatashindwa na mbegu ya mkwaju iliyo kubwa kuliko punje ya mahindi. Tofauti ni kwamba ganda la mkwaju ni gumu. Likwanguliwe kidogo upande mmoja kwa jiwe au msasa mpaka weupe wa ndani uonekane, kisha mbegu ilowekwe katika maji usiku mmoja. Ikizikwa kina cha nusu ya kidole, katika udongo wenye unyevu na joto, aghlabu huchomoza katika muda wa wiki moja au mbili. Ziatikwe kumi au kumi na tano, kwa maana baadhi hazitaota, nyingine zitaliwa na kuku, na katika zile zitakazobaki mtu atataka kuchagua.

Kuhusu udongo, kosa la kawaida ni kuchota ule mweusi wa bustani na kuushindilia chomboni. Katika shamba maji yana njia ya kushuka, lakini ndani ya beseni udongo kama huo hushikamana kama tope la matofali, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za kitu kigumu chenye kupitisha maji, na sehemu moja ya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Kitu kigumu chapatikana bure, kwa kuwa Arua ni mji wa matofali ya kuchoma. Vipande vilivyovunjika vitwangwe, vichekechwe kupata chembe za ukubwa wa punje ya mtama au mahindi, na vumbi lake litupwe. Mchanga mnene wa Mto Enyau nao wafaa ukioshwa. Chombo cha kwanza kiwe beseni kuukuu au jerikani lililokatwa nusu, likatobolewa matundu ya kutosha chini. Kiwekwe juu ya kichanja, maana mchwa hutoka chini na mbuzi hawana heshima kwa cheo cha mtu.

Mche ukipata majani yake manne au matano, huja kazi ambayo wanaoanza huiogopa. Mkwaju huteremsha mzizi mkuu mrefu, mnene, wenye kutafuta maji mbali. Mzizi huo ukiachwa hautaingia kamwe katika sahani ya bonsai. Kwa hiyo mche hung'olewa taratibu, mzizi mkuu ukakatwa sehemu ya tatu au nusu kwa wembe safi, kisha ukapandwa tena na kuwekwa kivulini kwa siku kumi hivi. Mizizi midogo itachipuka pembeni pande zote, na hiyo ndiyo itakayoupa mti sura ya kushikilia ardhi. Baadhi ya miche itakufa, na ndiyo sababu tulisema kumi au kumi na tano.

Baada ya hapo askari asifanye kitu. Tunajua agizo hili ni gumu kuliko lile la wembe. Mtu akishaona mche wenye urefu wa shubiri moja, mkono humwasha, akatafuta sahani fupi na waya siku hiyo hiyo. Matokeo yake ni kijiti chembamba ndani ya sahani, na kijiti hicho kitabaki kijiti kwa miaka kumi, kwa kuwa shina hunenepa pale tu mti unapokuwa na mizizi mingi na majani mengi. Miaka miwili au mitatu ya kwanza mche uachwe ukue kwa nguvu katika chombo kikubwa, juani, ukipogolewa kidogo tu. Sahani ije baadaye. Wala usiwekwe ndani ya nyumba juu ya redio kama pambo. Mkwaju ni mti wa jua kali, na ndani ya chumba hudhoofika na kufa.

Maji nayo hayaendi kwa saa kama zamu ya lindo. Katika miezi ya mvua huenda usitie hata tone kwa siku kadhaa. Katika kiangazi, toka Desemba hadi Machi, upepo mkavu waweza kukausha beseni kwa siku moja. Kidole kitiwe udongoni, na kikikuta ukavu chini kidogo ya uso, maji yatiwe mpaka yatoke kwa matundu.

Kwa kuwa mbegu ni safari ndefu, twamshauri mwenye pupa achukue pia kipande cha bogenvilia, unene wa kidole gumba, kutoka ua wowote uliopogolewa, akichomeke udongoni mwanzo wa mvua. Hicho ndicho kiwe shule yake ya kukata na kufunga waya, na mikwaju iachwe ipumue.

Wako wanaosema kwamba kazi hii ni kuutesa mti kwa njaa. Mti wenye njaa hufa upesi. Bonsai hulishwa, humwagiliwa, hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka michache, na wengi wao huwazidi watunzaji wao umri. Katika mji wa Washington, Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao umetunzwa katika chombo tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki mjini Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipolipuka kiasi cha kilometa tatu kutoka nyumbani kwao, ukuta wa bustani uliukinga mti ule. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe mmoja wa miti 53 iliyopelekwa Marekani kama zawadi kutoka Japani. Watunzaji wake kule hawakujua habari hiyo ya Hiroshima mpaka mwaka 2001, wajukuu wawili wa mzee huyo walipofika kuutazama.

Siku ya uhamisho, basi. Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilometa hamsini na kitu, siku hizi kwa lami, na mti utafika salama ukiandaliwa vema. Umwagiliwe jioni iliyotangulia, chombo kifungwe kwa kamba kisipinduke, udongo ufunikwe kwa gunia bichi, na mti uwekwe nyuma ya kichwa cha lori mahali upepo usipopiga. Anayevuka mpaka kwa Oraba au Vurra akumbuke kwamba mimea, udongo na mbegu havivushwi bila kibali cha wakuu wa kilimo, na sare haimwondolei mtu sharti hilo. Akifika kituo kipya, auweke kivulini kwa muda wa wiki moja, asikate tawi lolote, kisha autoe juani kidogo kidogo.